Bei ya Dakika Tano

Nje kidogo ya mji mdogo wa Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, imesimamishwa minara na mawe ya kumbukumbu zaidi ya 1,300. Wageni wengi huvutwa na majenerali wa shaba waliopanda farasi. Mimi nataka kuzungumzia sanamu moja tu, ya askari wa miguu asiye na jina. Amechongwa akiwa anakimbia, bunduki yake yenye singe ameielekeza mbele, na chini yake kuna jiwe lenye maandishi marefu kuliko kawaida. Huyu ni askari wa Rejimenti ya Kwanza ya Minnesota. Aliyemchonga ni Jakob Fjelde, Mnorwe aliyehamia Minnesota, ambaye alifariki mwaka 1896 kabla kazi yake haijazinduliwa rasmi. Uzinduzi ulifanyika tarehe 2 Julai 1897, miaka 34 kamili tangu siku ya tukio lenyewe.

Tukio lenyewe linaeleweka kwa urahisi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilidumu tangu mwaka 1861 hadi 1865, na mzizi wake ulikuwa utumwa: majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda, na majimbo ya Kaskazini yakapigana kuuzuia Muungano usivunjike. Julai 1863 Jenerali Robert E. Lee wa Kusini alikuwa ameingiza jeshi lake ndani ya ardhi ya Kaskazini, na kwa siku tatu majeshi mawili yalipambana Gettysburg hadi watu wapatao 51,000 wakawa wameuawa, wamejeruhiwa, wametekwa au hawajulikani walipo. Jioni ya siku ya pili mstari wa Kaskazini ulipasuka. Jenerali Daniel Sickles, kwa uamuzi wake mwenyewe, alikuwa amewasogeza askari wake mbele ya mahali walipopangiwa. Huko mbele wakavunjwavunjwa, wakaanza kurudi nyuma ovyo, na nyuma yao wakaja watu wa Alabama chini ya Jenerali Wilcox. Katika pengo lililobaki hapakuwa na askari wa kutosha. Jenerali Winfield Scott Hancock alifika hapo akiwa juu ya farasi, akawaona wale wa Alabama wanakuja, akatazama huku na huku na kukuta kombania nane tu za Minnesota, jumla watu 262. Aliwaamuru washambulie. Kanali wao, William Colvill, alirudia amri hiyo papo hapo, nao wakateremka mbio mpaka kwenye kijito kilichokuwa bondeni, kumkabili adui aliyewazidi mara kadhaa. Walimzuia kwa muda uliotosha askari wa akiba kufika. Kati ya wale 262, watu 215 waliuawa au kujeruhiwa, na 47 ndio waliobaki wamesimama.

Hizo ndizo hesabu za jiwe. Nasema hesabu za jiwe kwa sababu jiwe lenyewe linadai kuwa hasara ilizidi asilimia 83, hali ukichukua kalamu na kugawanya utapata 82 na kidogo. Tena wanahistoria waliopitia upya orodha za kikosi hicho wamepata idadi iliyo chini ya hapo. Sisemi haya kwa kejeli. Mtu aliyepoteza nduguye hashiki kalamu kama karani. Lakini jiwe halikuridhika na hesabu, likaongeza kwamba ushujaa wa namna hiyo haujapata kuonekana katika vita vyovyote. Kila ninaposoma maneno ya jinsi hiyo huwa najiuliza kwa nini tunaona haitoshi kusema kwamba watu walikufa, mpaka tuseme pia kwamba waliwashinda wengine wote kwa kufa.

Hata hivyo jiwe hili lina ukweli mmoja ambao minara mingi huuficha. Linatamka wazi kwamba watu hawa walipelekwa ili kupata muda. Halisemi kwamba walitumwa kushinda. Na Hancock mwenyewe baadaye hakuzungukazunguka. Alieleza kuwa aliona lazima zipatikane dakika kama tano, la sivyo mstari wote ungepotea, na kwamba angetoa amri ile ile hata kama angejua kuwa kila mmoja wao atauawa. Kwa hiyo hapa tuna jambo ambalo ni nadra kulikuta limeandikwa: bidhaa inajulikana, bei inajulikana, na mnunuzi anakiri kwamba angelipa zaidi. Dakika tano kwa watu 262. Je, mtu ana haki ya kufanya ununuzi wa aina hiyo kwa fedha ambayo ni miili ya watu wengine?

Jibu la haraka ni kwamba vita ndivyo vilivyo. Jibu hilo silipendi, kwa sababu linajibu kila kitu, na kinachojibu kila kitu kinaweza pia kuhalalisha kila kitu. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu hafai kamwe kutumiwa kama chombo tu cha kufikia makusudi ya mwingine. Ukilichukua fundisho hilo kwa ukali wake, Hancock amehukumiwa tayari: aliwatumia watu kama mtu anavyotumia gogo kuziba mlango. Lakini neno zito katika fundisho hilo ni lile "tu". Fundi ninayemwajiri namtumia, ila naye ana kusudi lake katika kazi ile, na analijua. Swali basi ni kama wale watu 262 walikuwa na kusudi lao katika mbio zile, au walikuwa gogo.

Walikuwa watu wa kujitolea. Vita vilipoanza Aprili 1861, gavana wao Alexander Ramsey alikuwa mjini Washington kwa shughuli nyingine, akawa wa kwanza kuipa serikali ahadi ya watu 1,000, na rejimenti hii ndiyo iliyotokana na ahadi hiyo. Hawakukamatwa barabarani. Zaidi ya hayo, walikuwa wameshapigana miaka miwili. Kuyaona mambo kwa macho ya mgeni ilikuwa imekwisha. William Lochren, aliyekuwa luteni katika kikosi hicho na ambaye baadaye alikuwa jaji, aliandika kwamba kila mmoja wao alielewa mara moja maana ya amri ile, yaani kifo au jeraha kwa karibu wote. Bonde lilikuwa wazi mbele yao. Hakuna aliyedanganywa kwamba kuna njia ya kupona.

Bado najizuia kusema kwamba waliridhia. Kuelewa si kuridhia. Mtu aliyesimama katika safu, jirani zake wa kijijini kulia na kushoto, kamanda wake mbele na aibu ya maisha nyuma, ana hiari ya namna gani? Wengi wetu tumewahi kukubali jambo katika kikao cha ukoo kwa sababu tu macho yote yalikuwa juu yetu, na pale hapakuwa na risasi. Jiwe linajivunia kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyekosekana baada ya shambulio. Ninauheshimu ukweli huo. Ila najua pia kwamba unaweza kupatikana kwa njia mbili, kwa kila mtu kutaka kwenda au kwa kila mtu kushindwa kuwa wa kwanza kubaki, na huenda ndani ya mtu yule yule zote mbili zilikuwamo.

Kuhusu Colvill kuna kisa kidogo ambacho kwangu kina uzito. Siku chache kabla ya pambano, jeshi likiwa katika mwendo mrefu wa kwenda Gettysburg, liliamriwa kuvuka kijito kwa kupita majini bila kupoteza muda. Watu wa Minnesota walipita juu ya magogo ili wasilowe miguu, na kanali wao akawekwa chini ya ulinzi kwa kuachia jambo hilo. Alirudishiwa uongozi siku ile ile ya Julai 2. Mtu aliyewahurumia askari wake miguu isilowe ndiye aliyewaongoza kwenye bonde lile jioni, na yeye mwenyewe alianguka na majeraha mabaya. Naye Hancock hakuwa ametoa amri kutoka hemani. Siku iliyofuata alipigwa risasi akiwa mbele ya askari wake, akapona kwa shida. Mambo haya hayafuti swali. Lakini yanabadilisha sura yake, kwani kuna tofauti kati ya anayetumia maisha ya wengine huku ya kwake ameyafungia kabatini, na anayeyatumia hali ya kwake yamo katika rundo lile lile.

Ukinibana niseme, nitasema amri ilikuwa sahihi. Nasema hivyo nikiwa nimewatazama watumwa wapatao milioni 4 waliokuwa Kusini wakati vita vinaanza, na Tangazo la Ukombozi la Januari 1, 1863, lililoufanya ushindi wa Kaskazini uwe na maana kwao. Ila hapo ndipo ninapokwama na jiwe. Katika maandishi yake yote marefu, neno utumwa halimo. Yamo mabrigedi, yamo materemko, yamo mahesabu, na umo ushujaa. Msomaji asiyejua historia angeondoka pale akiwa anajua jinsi watu walivyokufa bila kujua walikuwa wakigombea nini.

Na ushujaa peke yake hauwezi kutuambia nani alikuwa na haki. Wale wa Alabama waliokuwa wakipanda kutoka kijitoni walikuwa wamekwisha kupigana kwa muda mrefu jioni ile, wakiwa wamechoka na wenzao wengi wameanguka, na bado walikuwa wanakuja. Nao pia walikuwa askari wa miguu, wengi wao vijana wa mashamba. Jimbo lao liliwasimamishia mnara katika uwanja huo huo mwaka 1933. Ukisimama kati ya minara hiyo miwili, ukapima ushujaa tu, utaona mizani imelala sawa. Jiwe la Minnesota limechagua kusifu jambo ambalo pande zote mbili zilikuwa nalo, na kunyamazia jambo lililozitenganisha. Nadhani ilikuwa hivyo kwa sababu mwaka 1897 wazungu wa Kaskazini na Kusini walikuwa wanapatana, na mapatano yao yalihitaji kusahau kitu. Waliosahauliwa walikuwa weusi.

Kuna mtu mwingine ambaye hana mnara pale na hatapata. Alikuwa kijana wa North Carolina katika jeshi la Kusini. Rejimenti yake ilipokuwa ikielekea Gettysburg yeye aliugua, akalazwa hospitali, na huko akatoroka. Wenzake karibu wote katika kikosi hicho waliuawa, walijeruhiwa au kutekwa. Yeye baadaye alijiunga na upande wa Kaskazini, akaishi mpaka uzee mkubwa, akamzaa binti akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Binti huyo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kulipwa pensheni ya vita hivyo na serikali ya Marekani, kidogo kidogo kila mwezi, hadi alipofariki mwaka 2020. Mtoro wa jeshi, tunavyomwita. Lakini aliukimbia upande uliopigania utumwa, na sijui kama alifanya hivyo kwa dhamiri au kwa kupenda roho yake. Inawezekana hata yeye hakujua. Ninachojua ni kwamba kwa kipimo cha sanamu ile inayokimbia, huyu ni mtu wa aibu. Na kwa kipimo cha mwanamke mtumwa aliyekuwa akingoja vita viishe, kila bunduki iliyoukimbia upande ule ilikuwa nafuu.

Turudi kwenye ile bei. Sickles, ambaye kusogea kwake mbele ndiko kulikolifungua pengo, alipoteza mguu jioni ile ile, akaishi hadi mwaka 1914 akijitetea kwamba alifanya vyema. Wapo wanaomtetea, wengi wanaona alikosea. Ikiwa alikosea, basi wale 262 hawakulipa deni la taifa tu, bali walilipa pia deni la mkubwa mmoja. Jiwe linataja kusogea kwake kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Hii ni tabia ya minara: makosa ya wakubwa yakishalipiwa na wadogo, hugeuka kuwa nafasi ya wadogo kuonyesha ushujaa. Mkuki kwa nguruwe, na sisi wapita njia tunaosoma maandishi tukiwa na vyakula vyetu katika mikoba ni wepesi sana kutikisa kichwa na kusema ilistahili.

Ni nani hasa mwenye haki ya kusema hivyo? Hancock alikuwa na haki ya kusema ilibidi, kwani ilikuwa kazi yake kuamua, na aliubeba uamuzi wake hadharani. Kusema ilistahili ni neno jingine. Serikali ikilisema, ina faida ndani yake, maana kesho itahitaji vijana wengine. Mwaka mmoja tu baada ya sanamu kuzinduliwa, Marekani ilipigana na Hispania, na rejimenti nyingine ya watu wa kujitolea kutoka Minnesota, ya 13, ilipelekwa Ufilipino. Mwaka 1899 ilikuwa inapigana na Wafilipino waliotaka kujitawala. Sidai kwamba shaba ya Gettysburg ndiyo iliyowapeleka. Ila kijana aliyelelewa akiambiwa kwamba kilele cha utu ni kukimbia mbele bila kuuliza, siku akiamriwa kukimbilia mahali pabaya atatumia miguu ile ile.

Kuna jambo la majina pia. Jiwe la Minnesota linataja majina ya maofisa: Colvill na wasaidizi wake waliojeruhiwa, makapteni na luteni waliouawa. Waliobaki ni tarakimu. Kwetu tunaijua desturi hii. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ina maandishi yanayoahidi kwamba anayeifia nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake, na jina hata moja halikuandikwa. Haikuwa lazima iwe hivyo. Mnara mkubwa wa Pennsylvania uliozinduliwa mwaka 1910 kwenye uwanja wa Gettysburg, hatua chache kutoka kwa askari wetu anayekimbia, umezungushiwa mabamba yenye majina zaidi ya 34,000. Wajukuu bado huja kuyatafuta kwa kidole. Ni mnara mzito, na kwa macho yangu haupendezi, lakini kwa hilo umewazidi wengine.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni makaburi ya taifa, ambako Lincoln alitoa hotuba yake fupi tarehe 19 Novemba 1863. Wamezikwa humo zaidi ya watu 3,500 wa Kaskazini, na 979 kati yao hawakutambulika. Wa Kusini hawakukubaliwa kuingia. Waliachwa katika mashimo ya mashambani mpaka miaka ya 1870, masalia ya wengi wao yalipohamishwa kwao. Sehemu ya Minnesota ina makaburi 52. Mbele yake upo mtungi wa marumaru, wa kuwekea maua, ambao ulipelekwa hapo mwaka 1867. Unahesabiwa kuwa kumbukumbu ya kwanza ya rejimenti kuwekwa Gettysburg, miaka 30 kabla ya ile shaba. Haukuwekwa na jimbo wala na kamati. Waliouweka ni wale waliopona katika rejimenti yenyewe, na katika maandishi yake wanawataja waliokufa kama wenzao. Utukufu wanautaja pia. Walikuwa watu wa zama zao. Lakini hakuna asilimia, hakuna kulinganisha na vita vingine, wala hakuna dai la kwamba waliokoa uwanja. Miaka minne tu ilikuwa imepita. Wengi wa waliotoa fedha zao kwa ajili ya mtungi ule walikuwa bado wanachechemea.

Watalii wachache hufika hapo, kwani mtungi ni mdogo na haukimbii kwenda popote. Mimi nikiulizwa ni ipi kati ya kumbukumbu hizo mbili ningependa mtoto aonyeshwe kwanza, ningempeleka kwenye mtungi, na ningemwachia yeye aulize walikufaje, na kwa ajili ya nini.